Nilivyoisuka digrii yangu ya masomo ya kimataifa

Mjomba alinitolea mpya mbele za watu: "Sasa wewe wasomea dunia? Dunia itakuajiri?" Mshauri wa wanafunzi naye akaniambia nisome tu, mambo ya kazi nitayajua nikimaliza. Ushauri huo umewakalisha wengi vibarazani hapa Mombasa.

Mimi nilianza na kazi, masomo yakafuata. Kila tangazo la kazi nililokutana nalo, la Umoja wa Mataifa kule Gigiri, la Jumuiya ya Afrika Mashariki Arusha, la kampuni za meli, nililiprinti saiba nikalibandika ukutani. Yale ya "awe mchapakazi" nikayakata. Wanayoyataka kwa dhati nikayatia duara. Bwana wee! Duara zikajaa takwimu, sheria za biashara na Kifaransa. "Utandawazi", tulioandikishwa insha muhula mzima, haumo hata kwa dawa. Basi kozi za hiari nikazichagua kwa kuangalia ukuta.

Kifaransa usikicheke. Mamlaka ya Ukanda wa Kaskazini, inayoratibu njia ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi nchi za bara, ina makao yake papa hapa Mombasa, na kati ya nchi wanachama sita, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zina Kifaransa kama lugha rasmi. Mizigo yao yapita bandari yetu ya Kilindini. Karo ya Alliance Française niliichanga kwa kuuza viazi karai.

Ilipofika atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, wenzangu walikimbilia mashirika ya Nairobi, wakaishia kupiga picha za warsha. Mimi niliingia kwa wakala wa forodha. Lori la Kampala likakwama getini kutwa, dereva anafoka, kisa tarakimu mbili za nambari ya kontena zimepishana kwenye hati. Nambari hiyo ni herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, basi ukizipisha hesabu haikubali. Usiku nikakaa na Excel nikaunda jedwali: ukiingiza nambari yenye kosa kama lile, kisanduku chageuka chekundu hati haijatoka ofisini. Bosi alilijaribu kwa makusudi, akakosea makusudi, likamuumbua kila mara. Nilitamba wiki nzima!

Tasnifu yangu ikawa juu ya ucheleweshaji wa mizigo ya transiti, ile inayopita tu kwenda nchi jirani, data nikazipata palepale, na kabla ya mahafali nilishaitwa kazini. Kifaransa lakini anza mwaka wa kwanza. Ukingoja wa nne, vitenzi vitakutoa jasho.