Albamu Imetufikia, Ziara Haitatufikia

Albamu ya Rolling Stones, bendi kongwe ya roki ya Uingereza, iitwayo Hackney Diamonds, ilitoka Ijumaa tarehe 20 Oktoba 2023, na hapa kwetu tarehe hiyo ni Siku ya Mashujaa. Macho ya taifa yalikuwa Kericho kwenye sherehe, nasi mashabiki wachache wa roki hapa Nairobi tukapata siku nzima ya kuisikiliza bila kumwomba mwajiri yeyote ruhusa. Ilikuwa imesubiriwa kwa miaka 18. Albamu yao ya mwisho yenye nyimbo walizozitunga wenyewe, A Bigger Bang, ilitoka mwaka 2005; ile ya 2016, Blue & Lonesome, ilikuwa nzuri sana, lakini nyimbo zake zote zilikuwa bluzi za watu wengine. Katika kikundi chetu wamo watu ambao mwaka 2005 walikuwa bado shule ya msingi, na ambao hawakuwa wamewahi kuonja raha ya kungojea kazi mpya ya bendi hii kwa kuhesabu siku.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Novemba, ikatangazwa ziara: miji 16 ya Marekani na Kanada, kuanzia Houston tarehe 28 Aprili 2024, na naandika haya kabla haijaanza. Nairobi haimo, wala hakuna kati yetu aliyetarajia iwemo. Waliwahi kupiga Johannesburg mwaka 1995, katika uwanja wa Ellis Park, na tangu hapo ukitajiwa Rolling Stones na Afrika katika sentensi moja, huwa ni habari ya muziki uliotoka huku kwenda huko. Anayetaka kuwaona itambidi aanzie Gigiri kwenye ubalozi wa Marekani, ambako mwishoni mwa 2023 ada ya maombi ya viza peke yake ilikuwa dola 185, yaani zaidi ya shilingi 27,000 kwa bei ya dola ya wakati huo, na fedha hizo hazirudi hata ukinyimwa. Bado hujagusa nauli, malazi wala tiketi ya onyesho lenyewe.

Ndiyo maana nimekuwa nikibishana na wenzangu kwamba sisi tunaipokea habari hii kwa namna tofauti na shabiki wa Houston au Chicago, na kwamba namna yetu si duni. Kwa yule wa huko, albamu ni kengele inayomwambia kwamba bendi inarudi barabarani. Atanunua tiketi, ataimba nyimbo za miaka ya sitini pamoja na uwanja mzima, na nyimbo mpya zitakapopigwa atazivumilia kwa adabu. Sisi hatuna jukwaa, hatuna taa, hatuna mwimbaji wao Mick Jagger anayekimbia kutoka upande huu hadi ule. Tuna nyimbo 12 na spika. Kama nyimbo hizo ni dhaifu, hakuna kitu kingine cha kutuliwaza, na kwa hiyo tunazisikiliza kwa ukali ambao naamini wanamuziki wenyewe wangeupenda.

Jambo la kwanza ambalo kila mmoja alilitafuta ni ngoma. Charlie Watts, mpiga ngoma wao, alifariki tarehe 24 Agosti 2021 akiwa na umri wa miaka 80, baada ya kuitumikia bendi hiyo tangu mwaka 1963. Wapo wanaosema kwamba bila yeye jina la Rolling Stones lingepaswa kuwekwa kabatini, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwa sababu Watts hakuwa mpiga ngoma wa kawaida wa roki. Moyo wake ulikuwa kwenye jazi. Alikuwa na mazoea ya kuuinua mkono usiguse matoazi ya pembeni kila alipoipiga ngoma ndogo kwa mdundo wa pili na wa nne, na ule upenyo mdogo wa kimya ndio uliofanya nyimbo zao ziyumbe kidogo, kana kwamba zinakaribia kuanguka na haziangukii popote. Mtu anaweza kuufanyia mazoezi mtindo huo kwa miaka na asiupate.

Nyimbo mbili za albamu hii zina ngoma za Watts mwenyewe, zilizorekodiwa mwaka 2019. Moja ni "Mess It Up", ambayo ina mdundo wa disko na ingeweza kuchezwa harusini bila mgeni yeyote kuuliza ni ya nani. Ya pili ni "Live by the Sword", na humo amerudi pia Bill Wyman, mpiga gitaa la besi aliyeondoka mwaka 1993, huku piano ikipigwa na Elton John. Nyimbo nyingine zenye ngoma zinabebwa na Steve Jordan, ambaye si mgeni aliyeokotwa njiani: alipiga ngoma katika bendi ya pembeni ya Keith Richards, mpiga gitaa wa Stones, kuanzia miaka ya themanini, na Watts alipougua ndiye aliyemwomba ashike nafasi yake. Jordan anapiga kwa nguvu zaidi na kwa unyoofu zaidi. Nilipozisikiliza kwa mfululizo niliisikia tofauti hiyo wazi, na nakiri kwamba katika "Angry", wimbo wa kwanza kutolewa, nguvu ya Jordan ndiyo inayowafanya wazee hawa wasikike kama watu wenye haraka.

Wimbo uliotugawa ni "Sweet Sounds of Heaven". Una zaidi ya dakika saba, Lady Gaga anaimba pamoja na Jagger, na Stevie Wonder yuko kwenye vinanda. Wapenzi wa roki nzito walilalamika kwamba ni kanisa tupu. Ni kweli, na hapo ndipo raha yake ilipo. Wimbo unapanda, unafika kileleni, unaishia kabisa, halafu sauti ya Gaga inauchokoza tena chini kwa chini mpaka bendi nzima inaamka upya, kama pambio ambalo mwimbishaji amekataa kuliachilia ingawa mchungaji ameshafungua Biblia. Majirani ambao hawajui Rolling Stones ni nani walielewa mara moja kinachofanyika humo. Dada wa jirani mmoja aliuliza ni kwaya ya wapi, na alipoambiwa kwamba anayeimba ni mzee wa miaka 80 alisema kwamba basi huyo mzee ameokoka bila kujua.

Wimbo wa mwisho una watu wawili tu, Jagger na Richards, gitaa na harmonika. Ni "Rollin' Stone" wa mwaka 1950 wa Muddy Waters, mwimbaji wa bluzi wa Marekani, ambao ndio uliowapa jina, na hawakuwa wamewahi kuurekodi kwa zaidi ya miaka 60. Wawili hao walikutana tena mwaka 1961 kwenye stesheni ya reli ya Dartford, Jagger akiwa ameshika santuri, moja ikiwa ya Muddy Waters. Hakuna aliyepaza sauti ulipokuwa ukipigwa. Mjomba wangu, ambaye alikuwa amekuja kwa sababu ya mbuzi choma zaidi ya muziki, aliomba urudiwe.

Sisemi kwamba kila kitu ni kizuri. "Driving Me Too Hard" unapita bila kuacha alama, na katika nyimbo kadhaa mtayarishaji Andrew Watt, aliyezaliwa mwaka 1990, amejaza kila pembe kwa sauti hadi gitaa za Richards na Ronnie Wood, ambazo zamani zilikuwa zikiongea kwa kupeana zamu, zinalazimika kupigana zisikike. Richards mwenyewe anaponea katika "Tell Me Straight", wimbo mfupi anaouimba kwa sauti iliyokwaruza, na ningetamani albamu ingekuwa na nafasi nyingine za namna hiyo. Halafu kuna Paul McCartney wa Beatles anayepiga besi katika "Bite My Head Off". Wale waliokua wakigombana shuleni kuhusu Beatles na Stones sasa hawana pa kushika.

Utani kuhusu umri haukukosekana. Jagger na Richards wote walizaliwa mwaka 1943, Wood mwaka 1947, na ziara yao inadhaminiwa na AARP, shirika la Marekani linalowahudumia watu waliovuka miaka 50. Hapa kwetu mtumishi wa serikali hustaafu akifikisha 60, umri ambao Jagger aliufikia mwaka 2003, kabla hata ya A Bigger Bang kutoka. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa vali ya moyo na miezi michache baadaye alikuwa jukwaani. Mimi utani huo hunichekesha, ila sipendi unapogeuzwa kuwa hoja, kwamba mzee hana jipya la kusema. Ni hoja ambayo tumeitumia vibaya sana dhidi ya wanamuziki wetu wenyewe.

Fikiria jinsi tunavyozipokea bendi zetu za zamani. Them Mushrooms wametoa nyimbo nyingi, lakini kila wanapopanda jukwaani watu wanaidai "Jambo Bwana" hadi mtu angedhani hawajatunga nyingine. Les Wanyika tumewafunga ndani ya "Sina Makosa" na kutupa ufunguo. Usiku wa zilizopendwa katika baa za Nairobi una sheria isiyoandikwa: kiongozi wa bendi akisema kwamba sasa atatuimbia wimbo mpya, hapo ndipo watu wanakumbuka kwenda msalani na kuagiza nyama. Tunawapenda, ila tunawapenda kwa masharti kwamba wabaki mwaka ule tuliowajulia. Mjomba, ambaye ana maoni kuhusu kila jambo, aliniuliza kama ningekwenda kununua albamu mpya ya bendi ya rumba ya rika lake kwa hamu hii hii. Nilimjibu, "Mjomba, wakiitoa nitainunua." Akacheka na kusema kwamba wameshazitoa kadhaa, na hakunitajia hata moja, kwa makusudi nadhani. Nimeanza kuzitafuta kwenye vibanda vya santuri vya Soko la Kenyatta.

Turudi kwenye ziara, maana ingawa haitufikii hatuwezi kujifanya haituhusu. Kinachonivutia ni orodha ya nyimbo. Usiku wa kuamkia kutoka kwa albamu walipiga onyesho la kushtukiza katika ukumbi mdogo wa New York, nyimbo saba tu, na nne kati ya hizo zilikuwa mpya. Hiyo ni imani kubwa katika kazi ya mkono wao. Lakini ukumbi mdogo si uwanja wa mpira. Kwenye viwanja, watu waliolipa fedha nyingi wana nyimbo zao za lazima, na kila wimbo mpya unaoingia unaitoa nje moja ya kale ambayo mtu fulani amesafiri maili mia kadhaa kuisikia. Katika kikundi tumeshagawanyika: kuna wanaosema nyimbo mpya zitabaki mbili ifikapo onyesho la tatu, na kuna mwenzetu mmoja anayeapa kwamba "Mess It Up" itapigwa kila mji kwa heshima ya Watts. Mimi nasema hapana. Wimbo huo utakuwa wa kwanza kuachwa, kwa sababu mtu atakayeupiga si yule aliyeurekodi. "Angry" utabaki, na "Sweet Sounds of Heaven" utabaki hata bila Gaga.

Siku ya onyesho la kwanza Houston itakuwa nyuma yetu kwa saa nane. Wakipanda jukwaani Jumapili saa tatu usiku, hapa itakuwa Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, na orodha itaanza kutufikia wimbo mmoja mmoja kwenye simu tukiwa ndani ya matatu kuelekea kazini. Atakayeshindwa atanunua chakula cha mchana, na tumekubaliana kwamba "Angry" hauhesabiwi, maana huo hata mjomba aliutabiri.