Mstari Uliokataa Kushuka

Juzi binti yangu alipekua sanduku la vitabu vyangu vya chuo, akatoa karatasi ya grafu iliyogeuka manjano na kuniuliza kwa nini upande wake wa kulia umechakaa hadi kukaribia kutoboka. Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa nilikwisha kurudi bwenini, usiku wa zoezi la Andromeda.

Tulikuwa tumepewa jedwali la kasi za gesi inayokizunguka kitovu cha galaksi hiyo, iliyo umbali wa miaka nuru takriban milioni 2.5, tuzigeuze kuwa nukta za grafu: umbali kutoka kitovuni ukienda kulia, kasi ikipanda juu. Mwisho wake niliuona kabla sijaanza, maana ndivyo Jua linavyozitawala sayari zake: Utaridi hukimbia kilomita 47 hivi kwa sekunde, Neptuni iliyo mbali 5 na ushee. Kwa kuwa mwanga wa galaksi umekusanyika zaidi katikati, nilitarajia gesi ya ukingoni ijikokote.

Haikujikokota. Nukta zilivuka eneo lenye mwanga mwingi zikiwa bado juu ya kilomita 200 kwa sekunde, na iliyofuata ikakaa karibu palepale, na iliyofuata pia. Nikafuta. Nikasoma jedwali upya kwa kidole, nikaweka rula, nukta zikarudi zilipokuwa. Nikafuta tena, na mara ya tatu, huku vumbi la raba likijaa mezani na mwenzangu akikoroma ndani ya chandarua. Kisha nikaweka penseli chini, nikautazama mstari ule uliolala, na kitu kama hofu kikanipanda kifuani.

Asubuhi mwalimu alipapasa pale palipochakaa, akasema, “Ulichokuwa unakifuta ndicho walichokipima wanafalaki Vera Rubin na Kent Ford, wakakichapisha mwaka 1970.” Akaeleza kwamba ama kuna maada isiyoonekana inayoivuta gesi ile, nyingi kuliko inayong'aa, ama sheria yetu ya mvutano ina kasoro. Wanafalaki wengi wameshika la kwanza, wakaliita maada giza, ingawa hakuna aliyeinasa chembe yake hadi leo. Nami bila mwalimu yule nadhani ningeendelea kufuta.

Binti yangu aliufuata mstari kwa kidole hadi ukingo wa karatasi. “Mama, huku mbele unashuka?”

Nikamwambia kwamba jedwali letu liliishia hapo, na kwamba waliopima mbali zaidi, kwa mawimbi ya redio ya haidrojeni, walikuta kasi bado iko juu.