Usifichue kila kivuli

Programu nyingi za kuhariri picha zina kitufe cha "oto", na mara nyingi kazi yake ya kwanza ni kuinua vivuli. Kwa picha ya kichochoro cha Mji Mkongwe jioni, hapo ndipo uhai unapoondoka: kila ufa wa ukuta unaonekana, mtazamaji hana tena cha kujiuliza.

Kwenye Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, shusha mwangaza (Exposure) wa picha nzima hadi −0.7, kisha vivuli hadi −35. Kitelezi cha weusi (Blacks) usikiguse kwanza. Mtu anayepita mbele ya taa mpake maski (eneo teule linalohaririwa peke yake) kwa brashi yenye ulaini wa ukingo 80 au zaidi, mshushe mwangaza hadi −1.2, halafu punguza ukali hadi −30. Umbo la kanzu libaki, uso upotee. Ukingo wa brashi ukiwa mkali, duara jeusi litamzunguka kichwani kama picha iliyokatwa na kubandikwa.

Acha kitu kimoja tu kiwe wazi: kitasa cha mlango, au bega lililoguswa na taa. Vikiwa viwili vinanyang'anyana macho.

Ukuta laini uliotiwa giza huweza kutoa michirizi, hasa kwenye JPEG ya biti 8, yenye viwango 256 tu kwa kila rangi. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, au ongeza chembechembe (Grain) 15 hadi 20 zivunje michirizi hiyo. Kabla ya kuhifadhi, punguza mwanga wa skrini hadi nusu. Ukihariri skrini ikiwaka kabisa, picha itaonekana kwa wengine nyeusi tii.