Jua la Saa Nne na Neno Mkataba

Ada ya kongamano la sheria la Dar es Salaam iliandikwa kwa dola: 120 kwa Mtanzania, 250 kwa mgeni. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza huduma za ndani ya nchi kupangiwa bei kwa fedha za kigeni, na hawa ni wanasheria wanaokutana kujadili mustakabali wa sheria ya kimataifa. Nililipa kwa shilingi baada ya kuandikiana barua pepe tatu, kwa kiwango walichokipanga wao. Anayefikiria kwenda mwakani aombe ankara ya shilingi kabla hajakata tiketi ya safari.

Kigoma hadi Dodoma sina la kusimulia, reli ni ile ile. Dodoma hadi Dar es Salaam kwa treni ya umeme ni shilingi 31,000, na hazifiki saa nne. Ukitoka stesheni, madereva wa bajaji wanakuambia elfu kumi hadi Kariakoo, mwendo ambao mwenye begi moja anautembea kwa miguu. Gesti ilikuwa elfu arobaini bila chai, feni yake ina kasi moja tu. Kwa siku tatu hesabu yake si ndogo kwa wakili wa mkoani, na ndiyo maana kwenye orodha ya washiriki mikoa ya mbali ilikuwa na majina mawili.

Siku ya kwanza ilikwisha kwa hotuba za ufunguzi na picha za pamoja. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, ndiyo iliyonilipa nauli.

Kikao kilihusu mikataba iliyorithiwa, ile ambayo nchi huachiwa na waliotawala kabla yake. Vikao vya namna hii hupangwa kwa dakika 90: wasemaji wanne, kila mmoja dakika 15, zinazobaki ni za maswali. Mpango huo huharibika kwa msemaji wa kwanza, kwa sababu amekuja na kurasa ishirini wakati dakika 15 zinatosha kurasa sita au saba zikisomwa kwa utulivu. Akiona kadi ya "dakika mbili" anaanza kukimbia, na hapo ndipo wakalimani wanapompoteza. Mtu anayezungumza kwa kawaida hufuatika. Anayesoma karatasi kwa haraka hafuatiki, maana sentensi iliyoandikwa haina pumzi.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na vibanda viwili vya vioo, cha Kiswahili na cha Kifaransa, kila kimoja na wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini hadi thelathini. Zaidi ya hapo akili huchoka na makosa huanza bila mwenyewe kuyasikia. Wale wa Kifaransa hawakujua Kiswahili. Msemaji akitumia Kiswahili, kibanda cha kwanza kinageuza kwenda Kiingereza, na cha pili kinachukua Kiingereza hicho na kukipeleka kwenye Kifaransa. Neno likikosewa pale mwanzo, linafika mwisho likiwa limekosewa mara mbili.

Msemaji wa kwanza alianza na Belbase, yaani vituo vya Wabelgiji bandarini, nami nikakaa wima, maana nusu ya habari hiyo ni ya bandari ya kwetu. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo mawili, moja katika bandari ya Dar es Salaam na jingine Kigoma, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kutozwa ushuru wa forodha. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ni milele. Makubaliano hayo yaliongezewa mengine mwaka 1951. Uhuru ulipokaribia, Nyerere alijibu hivi: Uingereza ilikuwa msimamizi tu wa Tanganyika, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa na baadaye chini ya Umoja wa Mataifa, na msimamizi wa muda hawezi kugawa cha mwenyewe milele.

Waingereza walikuwa na utaratibu wao. Koloni linalopata uhuru linabadilishana nao barua na kukubali kurithi mikataba yote iliyosainiwa kwa jina lake. Nigeria ilikubali mwaka 1960. Tanganyika ilikataa, na Desemba 1961 ikamwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili itaendelea kutumika kwa miaka miwili, mradi upande wa pili nao uitumie, hadi tarehe 8 Desemba 1963. Muda huo ni wa kukaa mezani. Ukiisha bila mapatano, mkataba umekufa, isipokuwa ule ambao desturi ya kimataifa yenyewe ingeubakiza hai. Uganda na Kenya nazo zilifuata njia ya kujipa muda. Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya maji ya Nile ya mwaka 1929, yaliyozuia kazi yoyote ya kupunguza maji yanayokwenda Misri bila ridhaa yake. Leo maji ya Ziwa Victoria yanafika kwa bomba Kahama, Shinyanga na hata Tabora. Mkataba mpya wa bonde la Nile, uliosainiwa kwa mara ya kwanza Entebbe mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024, na Misri na Sudan hazimo.

Wanafunzi wa sheria husoma yote haya chini ya jina la "fundisho la Nyerere", mara nyingi katika aya mbili. Laiti yangesomeshwa pamoja na ramani ya bandari.

Msemaji wa pili aliamua kuzungumza Kiswahili, na mada yake ilikuwa kesi ya maji ya Dar es Salaam. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikodishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kuendesha huduma ya maji ya jiji. Mwaka 2005 Serikali ikaivunjia mkataba. Wenye hisa, Biwater Gauff, walikwenda ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Julai 2008 wasuluhishi waliamua kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka mkataba, lakini hawakutoa fidia hata senti moja, kwa sababu wakati wa ukiukaji biashara yenyewe ilikuwa haina thamani tena.

Ni mkataba upi uliokiukwa? Kesi yote imesimama juu ya swali hilo. Kuna mkataba wa kukodisha kati ya DAWASA na City Water, na kuna mkataba wa mwaka 1994 wa kulinda uwekezaji kati ya Uingereza na Tanzania. ICSID iliangalia huu wa pili. Mgogoro wa ule wa kwanza ulikwenda kwa wasuluhishi wengine kabisa, na huko DAWASA ilishinda. Katika Kiswahili vyote viwili ni "mkataba". Msemaji alijua anachomaanisha, sisi tuliosoma kesi tulijua, ila mkalimani hakuwa amepewa karatasi mapema. Kila mara aliposikia "mkataba" alitoa neno la Kiingereza la makubaliano ya kibiashara, na Kifaransa kikafuata.

Profesa mmoja wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya pili ya ziwa letu la Tanganyika, aliyekuwa akisikiliza kwa Kifaransa, alinyoosha mkono. Aliuliza wasuluhishi wa kimataifa walipata wapi mamlaka ya kuamua ugomvi wa kampuni mbili kuhusu mabomba. Swali sahihi kabisa kwa alichokisikia. Msemaji akadhani anapingwa kuhusu mamlaka ya ICSID, akajibu kwa vifungu. Wakazungushana dakika kumi na tano.

Wakiwa hapo, umeme ukakatika. Jenereta iliwaka, lakini viyoyozi havikuwa kwenye laini ya jenereta, na ndani ya robo saa ukumbi wa watu mia ukawa tanuri. Mhudumu akafungua mapazia na madirisha upande wa bahari. Saa nne ilikuwa imepita kidogo. Visikilizio vikaanza kukoroma, kwanza safu ya dirishani, kisha katikati, kisha kimya.

Mafundi walihangaika na betri, na betri hazikuwa na kosa. Mfumo ule hupeleka sauti kwa mionzi ya infraredi kutoka kwenye paneli zilizowekwa juu ya stendi za chuma, na jua la Dar es Salaam limejaa mionzi hiyo hiyo. Likiingia moja kwa moja, kijicho cha kisikilizio kinazidiwa. Wengi pia walikuwa wamekitia kifaa mfukoni kwenye shati, mahali ambapo kijicho hakioni paneli. Dawa ni mapazia mazito, au paneli za ziada pande mbili za ukumbi, au mfumo wa redio, ambao haujali jua wala ukuta, ingawa aliye nje ya ukumbi naye anaweza kusikia. Haya huulizwa siku ya kukodi ukumbi: dirisha linatazama wapi, na jenereta inabeba nini.

Mwenyekiti wa kikao aliuliza kama tuahirishe. Profesa wa Kalemie akavua kisikilizio, akasimama, akasema kwa Kiswahili, "Mwenyekiti, mimi Kiswahili ninakisikia tangu tumbo la mama. Waache tuongee."

Ukumbi ulipiga makofi. Mkalimani, mama mmoja wa Unguja, alitoka kibandani na daftari lake akakaa mbele. "Shikamoo Profesa," alianza, "naomba radhi, neno moja limenipiga chenga tangu asubuhi." Akaeleza tatizo la mkataba. Kwa saa nzima iliyofuata, wanasheria wa nchi nne walijadili maneno. Mmoja alipendekeza "mkataba wa dola kwa dola" upande mmoja na "mkataba wa biashara" upande wa pili. Profesa alitaka "mapatano" yawe ya nchi, akapingwa kwamba mapatano huwa hata ya wake wenza. Tulipofika kwenye sheria ya kimila ikawa vivyo hivyo: kwa hakimu wa Tanzania hiyo ni mila ya kabila katika mirathi na ndoa, basi ile ya mataifa ibaki "desturi ya kimataifa". Na nchi inaposaini huku ikitenga kifungu isichotaka kufungwa nacho, tafsiri iliyozoeleka kwenye kamusi ni "hifadhi", na mtu wa Katavi akisikia hifadhi anawaza tembo.

Sikuwahi kuona kikao cha sheria chenye watu wengi hivyo wanaoandika. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, na tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama zetu kisheria. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969, kifungu cha 33, unasema maandiko ya lugha zote zilizothibitishwa yana nguvu sawa, na maneno yake huchukuliwa kuwa na maana moja. Siku itifaki ya Afrika itakapothibitishwa kwa Kiswahili, tofauti ya mikataba ile miwili itaamuliwa na neno lililochaguliwa, na hakutakuwa na mkalimani wa kuuliza.

Siku ya tatu niliiacha nusu. Nilishuka Kivukoni nikapanda pantoni ya Kigamboni kwa shilingi 200, nikasimama upande wa bandari hadi kreni zikajificha. Profesa alikuwa nami. Alisema babu yake alipakia magunia Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, yavushwe Kigoma yapande treni. Mizigo ya Kongo bado inapita hapa hapa, sasa kwa ushuru na mikataba inayojadiliwa upya kila mara. Mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika nao ulisainiwa katika jiji hili, tarehe 12 Juni 2003, na nchi zetu mbili pamoja na Burundi na Zambia. Wavuvi wa Kibirizi, kule Kigoma, wanaofungiwa ziwa kwa miezi hawajawahi kuusoma kwa lugha yao.

Mama wa Unguja alinipa nakala ya orodha yake, maneno 41. Anataka karatasi za wasemaji zimfikie siku tano kabla, si usiku wa kuamkia kikao, na kila msemaji aandike pembeni neno lake la Kiswahili na la Kiingereza. Kwenye treni, kati ya Dodoma na Tabora, nilianza kuongeza ya kwangu kwa penseli. Haki ile ya Belbase, ya nchi moja kutumia ardhi ya nyingine, niliijazia majina matatu nikayafuta yote. Nafasi yake bado iko wazi.