Ndama wa Mvua za Kwanza Huanza Kulelewa Kiangazi

Kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha hapa Dodoma, mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba, mazizi yetu hupata ndama wengi kwa mkupuo, na malalamiko huwa ni yale yale: huyu amezaliwa hana nguvu ya kusimama, yule anaharisha kabla ya kutimiza wiki, na mama wa mwingine kondo la nyuma limekwama. Wafugaji wenzangu hukimbilia duka la dawa za mifugo. Mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya matatizo haya huanza Septemba, ndama akiwa bado tumboni, na kwamba fedha inayonunua dawa ya kuharisha mwezi Januari ingefaa zaidi kama ingenunua madini ya kumlisha mama yake miezi minne kabla.

Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi. Kwa sisi tunaotegemea malisho ya asili, majike hurudisha mwili na kupandwa wakati nyasi ni mbichi, kati ya Februari na Aprili, kwa hiyo miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ambayo ndiyo ndama hupata zaidi ya nusu ya uzito wake wa kuzaliwa, huangukia katikati ya kiangazi kikali. Nyasi zikishakomaa na kukauka, kinachobaki ni mabua yenye protini kidogo na fosforasi kidogo mno.

Upungufu wa fosforasi huonekana kwa macho. Simama langoni mwa zizi jioni ya Oktoba, Chamwino au Bahi, utamwona jike mwenye mimba kubwa ameubana mfupa wa mbuzi kwa magego, kichwa amekiinua, ute mrefu unamning'inia mdomoni, anauzungusha mfupa huku na huku wala hauachii hata akiguswa na fimbo. Watu humwita mlafi, jambo ambalo hunisikitisha, kwa sababu mnyama huyo anatafuta alichokikosa malishoni. Tena mfupa wa mzoga unaweza kuwa na sumu ya botulizimu, ambayo hupooza misuli na kuua.

Madini ninayoyapa uzito zaidi ni shaba. Maziwa ya ng'ombe yana shaba kidogo sana, hata ya ng'ombe aliyelishwa vizuri; kwa hiyo ndama hujiwekea akiba kwenye ini angali tumboni, akiichota kwa mama yake, na akiba hiyo ndiyo anayoitegemea mpaka atakapozoea kula majani. Mama akiwa hana cha kutoa, ndama huzaliwa na akiba pungufu, na dalili hujitokeza baadaye: manyoya hupauka, hasa kuzunguka macho, damu hupungua, kuharisha hakusikii dawa, na mwili hudumaa. Mfugaji huona ugonjwa Februari, ilhali chanzo chake kilikuwa Oktoba.

Seleniamu nayo hupitia kwa mama, na ikikosekana misuli ya ndama huwa dhaifu kiasi cha kushindwa kusimama au kunyonya. Iodini ikipungua, ndama anaweza kuzaliwa mfu au akiwa na rovu, yaani uvimbe wa shingo. Udhaifu wa saa za kwanza ni hatari kwa sababu kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili. Ndama huzipata kwenye dang'a peke yake, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na anyonye mapema, ikiwezekana ndani ya saa 6, kwani baada ya saa 24 utumbo wake hauzipokei tena.

Magadi na udongo wa chumvi tuliouzoea ni vizuri, lakini humpa ng'ombe sodiamu zaidi kuliko kitu kingine, wala haviwezi kuziba pengo la fosforasi na shaba. Kuanzia Agosti au Septemba, majike wenye mimba wapewe madini ya unga yaliyochanganywa kiwandani kwa ajili ya ng'ombe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na waongezewe mashudu ya alizeti, ambayo hapa kwetu yanapatikana na yana fosforasi nyingi. Seleniamu isichanganywe kwa kukisia nyumbani, maana kuzidi kidogo tu ni sumu. Hilo ni la daktari wa mifugo. Wenye ng'ombe wa maziwa chotara wapunguze vyakula vyenye kalsiamu nyingi, kama majani ya mti wa malisho uitwao lukina, katika wiki mbili au tatu za mwisho, ili mwili wa ng'ombe uwe tayari kutoa kalsiamu kwenye mifupa yake na kuepuka homa ya maziwa, yaani kupungukiwa kalsiamu kwenye damu, baada ya kuzaa.

Mazizi yetu mengi huchanganya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kondoo hudhurika upesi kwa shaba. Hori la madini ya ng'ombe liinuliwe juu ili kondoo wasilifikie, nao wanunuliwe madini yao.