Kahawa chungu na Cabral
Jana baada ya Isha nilikuwa barazani Mji wa Kale, kahawa chungu na kashata, Ngome ya Yesu pale karibu. Mzee mmoja akatutupia swali: "Wanangu, hawa Wareno walioanza kujenga ngome hii 1593, kule Guinea-Bissau, Afrika Magharibi, waling'olewa na nani?" Kimya. Na mimi na digrii yangu, kimya!

Amílcar Cabral, akasema. Bwana shamba. Mwaka 1953 alizunguka vijijini akihesabu mashamba, akajua mkulima analima nini kabla ya kumhubiria uhuru. 1965 akawaagiza wenzake: msiwadanganye watu, msijidai ushindi rahisi. Aliuawa Conakry, nchi jirani ya Guinea, Januari 1973. Uhuru ukatangazwa Septemba mwaka uleule, hakuuona.

Jirani yetu anayetaka udiwani akamaliza kikombe, akaaga mapema.