Mkajionyeshe kwa makuhani

Jumapili usiku.

Shangazi alikuja kwenye dirisha la maabara Jumanne asubuhi, kikopo cha makohozi amekifunga ndani ya kipande cha kanga kama mtu anayepeleka sadaka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nipime uyaone matendo ya Bwana."

Alikuwa anamaliza mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Slaidi yake ya kwanza, kile kioo chenye makohozi tunachokiweka chini ya hadubini, niliisoma mwenyewe mwanzoni mwa matibabu: plasi mbili, yaani vijidudu vingi, vijiti vyekundu vimetapakaa kwenye rangi ya bluu kila nilikosogeza jicho. Siku ile nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe wa hospitali mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Ndiye aliyenilea baada ya mama.

Ijumaa iliyotangulia alikuwa amekwenda kwenye mkesha. Mwinjilisti mgeni aliwaita mbele wenye shida za kifua, akawawekea mikono. Shangazi anasema alisikia joto likishuka kutoka kooni hadi kitovuni, na tangu usiku ule hajakohoa hata mara moja. Wakaambiwa aliyepokea asiendelee kubeba mzigo wa zamani. Kwa hiyo tangu Jumamosi hakumeza kidonge hata kimoja.

Sikumjibu. Nilipokea kikopo, nikaingia ndani.

Kupaka slaidi ni kazi niliyoizoea mno, lakini siku hiyo niliifanya kama mwanafunzi. Rangi nyekundu, moto chini mpaka mvuke uonekane, asidi ya kuosha, halafu bluu. Kijidudu cha TB kina ngozi ya nta, kikishaishika nyekundu hakiiachii hata ukikiosha kwa asidi. Nilisoma viwanja 100, yaani sehemu 100 za slaidi zinazoonekana kwenye hadubini moja baada ya nyingine, nikaanza upya. Kisha nikamwomba mwenzangu asome bila kumwambia ni ya nani. Hakuna alichoona. Nikaandika kwenye fomu maneno tunayoandika siku zote: vijidudu vya TB havikuonekana.

Shangazi alipoipokea ile karatasi aliinua juu pale pale kwenye benchi la wagonjwa. "Mmeona? Hata hospitali imeshuhudia!" Wagonjwa wawili wakasema amina. Na mimi, Mkristo niliyebatizwa na kupata kipaimara, ninayekiri kila Jumapili kwamba siku ya tatu alifufuka katika wafu, nilisimama dirishani nikiwa na hofu.

Nataka kuiandika hofu hiyo vizuri, maana haikuwa hofu ya mtu asiyeamini.

Tunaandika "havikuonekana". Hatuandiki "havipo". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kazi yangu yote. Ili hadubini ioneshe kijidudu kimoja kwa uhakika, mililita moja ya makohozi inatakiwa iwe na vijidudu kama 5,000 hadi 10,000. Wakibaki elfu moja, slaidi itakuwa safi na mimi nitaandika ukweli mtupu, na mgonjwa bado ataugua. Shangazi aliniuliza kuhusu ile mashine mpya ya vinasaba, kwa nini nisimpime nayo iseme neno la mwisho. Ilibidi nimweleze kwamba mashine ile ni kali kuliko jicho langu, lakini inakamata vinasaba hata vya vijidudu vilivyokufa, ndiyo maana hatuitumii kumfuatilia mtu aliye katikati ya dawa. Chombo kimoja hakioni walio hai wachache, kingine hakiwatofautishi na maiti. Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza pale Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekipata kijidudu hiki, na mpaka leo tunakiona kwa kubahatisha hivyo.

Kwa hiyo watu wanaposema kanisani kwamba sayansi ina mipaka, mimi sihitaji kuhubiriwa. Mpaka wake naugusa kwa vidole kila siku. Ninachokataa ni haraka ya kumkalisha Mungu katika kila tusichokijua. Ukimpa Mungu ufa kwenye ukuta kuwa ndiyo nyumba yake, siku fundi akija na chokaa utasema amehamia wapi? Kabla ya mwaka ule wa Koch hakuna aliyejua kwa hakika kifua kikuu kinaletwa na nini. Alipokipata kijidudu, Mungu hakupungukiwa kitu.

Halafu kuna jambo jingine ambalo nimeliwaza wiki nzima. Kila asubuhi kabla ya kusoma slaidi ya mgonjwa tunasoma mbili za kulinganishia: moja tunajua ina vijidudu, moja tunajua haina. Bila hizo majibu ya siku nzima hayana thamani. Muujiza hauna slaidi ya kulinganishia. Sina shangazi wa pili, mwenye mapafu yale yale, aliyeombewa asimeze dawa, wala wa tatu aliyemeza asiombewe. Huyu mmoja alimeza siku hamsini na kitu, na katika siku hizo hizo nilimwombea kila usiku kabla ya kulala, muda mrefu kabla mwinjilisti hajafika mjini kwetu. Nani atazitenganisha?

Wapo waliojaribu. Mwaka 2006 daktari Herbert Benson na wenzake wa Marekani walitoa majibu ya utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Walioombewa bila kujua kama wanaombewa walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 52, wasioombewa asilimia 51, na waliohakikishiwa kwamba wanaombewa asilimia 59. Wasioamini waliyashangilia majibu hayo. Mimi nauheshimu utafiti ule, ulifanywa kwa uangalifu. Lakini nani aliwazuia mama na wake wa wale "wasioombewa" wasipige magoti usiku ule? Hakuna daktari anayeweza kuandaa kundi la watu ambao hawaombewi na yeyote duniani. Na Bwana mwenyewe alipokuwa juu ya kinara cha hekalu, akiambiwa ajitupe chini ili ionekane kama malaika watamdaka, alijibu: usimjaribu Bwana Mungu wako.

Mimi ni Mlutheri, na mambo ya Lourdes kule Ufaransa si ya kwetu. Hata hivyo nawaheshimu Wakatoliki kwa namna wanavyopima pale. Tangu binti Bernadette Soubirous aseme amemwona Bikira Maria pale mwaka 1858, zaidi ya watu 7,000 wamefika kuandikisha uponyaji wao, na ulioitwa muujiza rasmi ni 70 na ushee tu. Kuna ofisi ya madaktari. Wanauliza ugonjwa ulithibitishwa vipi, ulikuwa mzito kiasi gani, kupona kulikuja ghafla na kwa ukamilifu, je, kumedumu miaka, na je, dawa haiwezi kueleza. Jean-Pierre Bély aliinuka pale mwaka 1987, mgonjwa wa mishipa ya fahamu aliyekuwa hawezi kutembea, na Kanisa halikutamka neno mpaka 1999. Miaka 12! Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba madaktari hawasemi "muujiza". Wanasema tu kwamba kwa elimu tuliyonayo leo hatuna maelezo, kisha wananyamaza. Neno muujiza analitamka askofu.

Nakumbuka pia mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Kutoka mtaani kwetu magari yaliondoka usiku, watu wamebeba wagonjwa na mikeka. Walirudi na simulizi nyingi, nyingine zilinitoa machozi. Sikumwona jirani hata mmoja aliyerudi na karatasi mbili mkononi, ya kabla na ya baada. Sisemi hawakupona, nasema hatukuuliza. Tulidhani kuuliza ni kukosa imani.

Jumanne ile jioni nilimfuata shangazi nyumbani. Sikwenda na kitabu cha mwongozo wa TB. Nilikwenda na Biblia, kwa sababu ndicho kitabu tunachokiamini wote wawili. Nikamsomea Luka 17, wale kumi wenye ukoma: "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani."

"Shangazi, aliyesema hivi ni nani?"

"Bwana Yesu."

"Kwa nini awatume kwa makuhani na yeye ndiye anayeponya?"

Akakaa kimya. Tukafungua Walawi 14. Kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kutazama ngozi, kama mimi nilivyo na kazi ya kutazama makohozi. Anatoka nje ya kambi, anaangalia kwa macho yake. Na hata akishamwona mtu ni safi, mtu huyo anafua nguo, ananyoa, anaoga, na bado anakaa nje ya hema yake siku saba. Nilimwambia: siku saba zako wewe ni miezi minne ya dawa iliyobaki. Vijidudu vilivyobaki ni vile vilivyolala, dawa inavifikia polepole, na ukiacha sasa vitaamka vimeshaizoea. Kikohozi ndicho cha kwanza kuondoka. Ugonjwa wenyewe unatoka mwisho.

Sikumwambia kwamba joto lile la Ijumaa halikuwa kitu. Sijui lilikuwa nini, na sina chombo cha kulipima.

Alichukua Biblia mkononi mwangu, akasogea kwenye taa, akausoma tena mstari wa 14 polepole, kidole chini ya kila neno. "Ikawa walipokuwa wakienda walitakasika." Akarudia: walipokuwa wakienda. "Kumbe hawakutakasika wamesimama," akasema. "Walianza safari kwanza."

Nimeisoma Luka 17 tangu darasa la kipaimara. Sikuwahi kuliona hilo.

Jumatano alfajiri alikuwa kwenye dawati la TB. Nesi alihesabu siku alizokosa, akaziongeza mwishoni, kisha akamwandikia kuanza vidonge vya awamu ya pili zikishakamilika. Leo baada ya ibada nimepita kwake. Karatasi ya majibu ipo ndani ya Biblia, pale pale kwenye Luka. Alimwaga vidonge kiganjani, akafumba macho akaviombea kama anavyoombea chakula, akavimeza na maji.

"Mwezi wa tano utanipima tena?"

"Nitakupima."

"Ukikuta havipo, utaandika nini?"

"Nitaandika havikuonekana."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Wewe andika hivyo. Yaliyobaki nitayasema mwenyewe kanisani."